Bonde la Chuma Lililonyamaza

Msomaji akitazama ramani ya Uingereza, upande wa kaskazini mashariki, ataona jimbo kubwa liitwalo Yorkshire. Katika jimbo hilo, si mbali na bahari, ardhi huinuka na kuwa nchi ya juu yenye baridi na upepo, isiyo na miti mingi, iliyofunikwa na vichaka vifupi mfano wa zulia. Nchi hiyo huitwa North York Moors, na mwaka 1952 ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Lakini hifadhi hii si kama ile ya Tsavo au ya Nairobi, ambayo imetengwa kwa ajili ya wanyama. Ndani yake mna mashamba, vijiji, makanisa na maduka, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Kinachohifadhiwa ni sura ya nchi yenyewe.

Nchi hiyo ya juu imekatwa na mabonde kadhaa. Mojawapo ni bonde la Rosedale, ambamo unapita mto mdogo uitwao Seven. Mgeni afikaye huko leo huona malisho ya kijani yaliyogawanywa kwa kuta za mawe, kondoo wakila majani, nyumba chache za mawe, na juu ya yote uwanda mtupu unaopakana na mawingu. Husikia upepo, maji na sauti za ndege. Kwa urahisi ataweza kudhani kwamba mahali hapa pamekuwa hivi tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Lakini atakuwa amekosea sana. Kwa muda wa miaka 70, tangu 1856 hata 1926, bonde hili lilijaa moshi, moto, milio ya baruti na ngurumo ya magari ya moshi, kwa sababu chini ya majani yake mlikuwa na chuma.

Iko njia moja ya kulizunguka bonde hili kwa miguu. Huanzia kijijini, hupanda mlima wa magharibi, hufuata ukingo wa nchi ya juu mpaka kwenye kichwa cha bonde, hurudi kwa upande wa mashariki, kisha hushuka tena kijijini. Urefu wake ni karibu maili 12, yaani kama kilometa 20, nayo humchukua mtu siku nzima akitembea kwa utaratibu. Huenda msomaji akauliza: Mtu atembee maili 12 kisha arudi pale pale alipoanzia, amepata nini? Swali hili ni la haki, hasa kwa watu ambao wametembea maili nyingi kuliko hizo kwenda shuleni, sokoni au kisimani, wala hawakuita jambo hilo starehe. Waingereza wengi hupenda kutembea namna hii siku za mapumziko, kila mmoja na viatu vizito, koti la mvua, ramani, na chakula katika mfuko wa mgongoni. Faida ya mzunguko wa Rosedale ni kwamba njia yenyewe ni kitabu. Anayeifuata kwa macho yaliyo wazi hujifunza jinsi utajiri unavyokuja mahali, na jinsi unavyoondoka.

KIJIJINI

Kijiji kinaitwa Rosedale Abbey. Jina hilo linaonyesha kwamba hapa palikuwa na nyumba ya watawa, na kweli palikuwa nayo. Katika karne ya 12 watawa wa kike wa shirika la Cistercian walijenga nyumba yao kando ya mto, wakaishi kwa sala na kwa kufuga kondoo. Nyumba hiyo ilifungwa wakati wa Mfalme Henry wa Nane, ambaye kuanzia miaka ya 1530 alizivunja nyumba za watawa katika nchi yake na kuzitwaa mali zao. Leo kimebaki kipande kidogo tu, ngazi ya mawe yenye kuzunguka, karibu na kanisa la kijiji. Mawe mengine hayakupotea: watu waliyachukua wakajengea nyumba zao. Basi hata kabla ya mtu kuanza safari amekwisha kuona desturi ya bonde hili, kwamba kila kizazi hujenga kwa mawe ya kizazi kilichotangulia.

KUPANDA MLIMA

Barabara itokayo kijijini kuelekea magharibi inaitwa Chimney Bank, maana yake mteremko wa dohani. Ni moja ya barabara zenye mwinuko mkali kabisa katika Uingereza. Mahali pengine huinuka futi moja kwa kila futi tatu. Wenye baiskeli huja kutoka mbali kujipima nguvu hapo, na wengi hushuka wakazisukuma. Mwenye miguu hana budi kwenda polepole na kupumzika mara kwa mara, lakini kila akigeuka nyuma huliona bonde limepanuka zaidi, mpaka kijiji kimekuwa kama vitu vya kuchezea watoto vilivyopangwa sakafuni.

Dohani iliyoipa barabara jina lake haiko tena. Ilijengwa kwa ajili ya injini ya mvuke iliyokuwa ikivuta mawe ya chuma kutoka machimbo ya Hollins yaliyo ubavuni mwa mlima, kuyapandisha hadi kwenye reli. Machimbo hayo yalipokwisha, dohani ilibaki imesimama peke yake, ikaonekana toka mbali, na vizazi vya watu wa bonde vikaizoea kama alama ya nyumbani. Ilibomolewa mwaka 1972 kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ya hatari. Jina likabaki bila mwenyewe.

Mahali hapo juu panaitwa Bank Top. Mtembezi hukuta ukuta mrefu wa mawe wenye matao makubwa mfano wa milango, uliojengwa ubavuni mwa mlima. Mtu asiyejua angedhani ni mabaki ya ngome ya kale. Sivyo. Ni tanuru za kuchomea mawe ya chuma, nazo ndizo kiini cha habari yote ya bonde hili. Lakini ili kuzifahamu, yafaa kwanza kueleza jinsi chuma kilivyopatikana na jinsi kilivyosafirishwa.

CHUMA NA RELI

Watu wa Rosedale walifua chuma kidogo kidogo tangu zamani za watawa. Lakini katika miaka ya 1850 wataalamu walitambua kwamba mawe ya Hollins yalikuwa na chuma kingi kuliko kawaida, tena mengine yalikuwa na nguvu ya sumaku. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikijenga reli, meli, madaraja na mitambo ya kila namna, na chuma kilitakiwa kila mahali. Machimbo yalifunguliwa mwaka 1856. Katika hesabu ya watu ya 1851 bonde lilikuwa na watu 500 na zaidi kidogo. Kufikia 1871 walikuwa wamekaribia 3,000. Nyumba hazikutosha. Bado husimuliwa huko kwamba vitanda havikupata kupoa: mtu wa zamu ya usiku aliporudi alilala pale alipoondoka mtu wa zamu ya mchana.

Shida kubwa ilikuwa usafiri. Chuma hakiwezi kuyeyushwa bila makaa mengi, na makaa ya mawe hayakuwa Rosedale, yalikuwa kaskazini katika jimbo la Durham. Iliwapasa wenye machimbo kuchagua: kuleta makaa yote kwenye chuma, au kupeleka chuma kwenye makaa. Walichagua kupeleka chuma. Hapo kwanza mawe yalichukuliwa kwa magari ya farasi kwenda kusini hadi Pickering penye reli, kazi ya taabu na gharama. Kisha mwaka 1861 ilimalizika reli iliyopita juu kabisa ya nchi ya juu, mahali pasipokaa mtu, mpaka kwenye ukingo wa kaskazini, ambapo ardhi inaanguka ghafula kama ukuta.

Kwenye ukingo huo wahandisi walijenga mteremko wa Ingleby, wenye urefu wa yadi 1,400 hivi. Hakuna injini iliyoweza kupanda wala kushuka hapo ikivuta mizigo. Kwa hiyo mabehewa yalifungwa kwa kamba nene ya chuma iliyozungushwa kwenye magurudumu makubwa juu ya mlima. Mabehewa yaliyojaa yaliposhuka, uzito wao uliyavuta mabehewa matupu kupanda kwa upande wa pili. Kazi ya breki ilikuwa kuzuia tu, maana nguvu ilikuwa imetolewa na mlima wenyewe. Injini zilizofanya kazi huko juu zilikaa huko miaka mingi, wala hazikushushwa isipokuwa kwa matengenezo makubwa.

Wasomaji wa Kenya hawana haja ya kuona jambo hili kuwa geni. Reli ya Uganda ilipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kikuyu, wahandisi walikutana na shida hiyo hiyo. Kabla ya njia ya kudumu kumalizika mwaka 1901, mabehewa na vyombo vya reli vilishushwa bondeni kwa kamba za chuma juu ya mteremko wa muda. Tofauti ni kwamba kamba za Kikuyu ziliondolewa baada ya muda mfupi, na zile za Ingleby zilivuta mizigo hata 1929.

HESABU YA UZITO

Sasa yaeleweka kwa nini zile tanuru zilijengwa. Jiwe la chuma linapotoka ardhini si chuma kitupu. Ndani yake mna maji, na mna hewa iliyofungamana na chuma. Reli hutoza nauli kwa kila tani, wala haiulizi kama tani hiyo ni chuma au ni maji. Mwenye machimbo aliyepeleka mawe mabichi alikuwa akilipa nauli ya maji na ya hewa kwa safari ndefu ya kwenda Durham, jambo lililomtia hasara kila siku.

Dawa yake ilikuwa kuyachoma mawe hapo hapo kabla ya kuyapakia. Mawe yalimwagwa kutoka juu ndani ya tanuru pamoja na makaa, tabaka juu ya tabaka, yakawashwa moto. Hayakuyeyuka, kwa sababu joto halikuwa kubwa kiasi hicho. Lakini maji yalitoka na hewa ilitoka, na jiwe likapungua uzito likawa na chuma kingi zaidi kwa kila ratili. Kisha wafanyakazi waliyavuta mawe yaliyochomwa kupitia kwenye matao ya chini, wakayapakia katika mabehewa. Kwa hiyo moshi ule wote uliofunika bonde, mchana na usiku, ulitokana na hesabu iliyoandikwa katika daftari: gharama ya kuchoma ni ndogo kuliko gharama ya kusafirisha. Katika mwaka 1873 peke yake zaidi ya nusu milioni ya tani za mawe zilichimbwa Rosedale.

KATIKA NCHI YA JUU

Baada ya Bank Top taabu ya kupanda imekwisha. Reli zenyewe ziliondolewa zamani, lakini njia yake imebaki, pana na tambarare, ikifuata ukingo wa bonde kama rafu iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Waliojenga waliepuka miinuko kadiri walivyoweza, kwa kuwa injini huchoka upesi kuliko farasi mlimani. Basi mtembezi wa leo huenda maili nyingi bila kupanda wala kushuka kwa kiasi cha kutajika, akiwa na bonde upande mmoja na uwanda mtupu upande wa pili.

Uwanda huo umefunikwa na kichaka kifupi kinachoitwa heather, ambacho hakipiti magoti ya mtu. Ni wa ukoo mmoja na vile vichaka virefu vya milima ya Nyandarua na Kirinyaga, juu ya msitu wa mianzi, na mtu aliyepata kupanda huko angeutambua mara moja ule ubaridi, ule ukungu, na ule udongo mweusi wenye kulowa. Mwezi wa Agosti heather hutoa maua, na nchi nzima hugeuka rangi ya zambarau mpaka upeo wa macho. Watu husafiri kutoka miji mikubwa kuja kuona siku hizo chache.

Uzuri huo nao una kazi ya mikono ya watu ndani yake. Katika vichaka hivyo huishi ndege wa jamii ya kwale aitwaye grouse, na wenye ardhi hupata fedha kwa watu waendao kumwinda kwa bunduki kuanzia tarehe 12 Agosti. Ndege huyo hula machipukizi ya heather, kwa hiyo walinzi wa mawindo huchoma vipande vya vichaka wakati wa baridi ili vichipue upya. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua desturi ya kuchoma majani makavu ili mapya yaote. Katika Uingereza desturi hiyo imeleta ubishi mkubwa. Udongo mweusi ulio chini ya vichaka ni mabaki ya mimea iliyokusanyika kwa maelfu ya miaka. Umehifadhi kaboni nyingi, nao ukikauka huungua kama kuni. Mwaka 2021 serikali ilitoa kanuni za kuzuia uchomaji palipo na udongo wa namna hiyo wenye kina kirefu katika maeneo maalumu ya hifadhi, isipokuwa kwa kibali.

Kuhusu haki ya kupita, sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu wote ruhusa ya kutembea kwa miguu katika nchi ya juu iliyo wazi, ingawa ardhi ina wenyewe. Mtembezi hutakiwa kufunga kila lango alilolifungua, kumfunga mbwa wake kamba, na kutoacha hata karatasi moja nyuma yake.

SHIMO LA SHERIFF

Baada ya mwendo wa nusu saa na zaidi hivi kutoka Bank Top hupatikana kuta za nyumba zilizoanguka na shimo lililozungushiwa ua. Hapo ni Sheriff's Pit. Mahali pengine wachimbaji waliingia ubavuni mwa mlima kwa miguu, lakini hapa walishushwa kwa kamba ndani ya shimo lenye kina cha karibu futi 270. Chini yake walichimba kwa mtaimbo na baruti, kwa nuru ndogo, miguu yao ikiwa majini. Jiwe lililolegea juu ya kichwa halikutoa taarifa kabla ya kuanguka. Waliokufa walizikwa mbele ya jamaa zao, na zamu iliyofuata iliingia shimoni kama kawaida. Shimo hili lilifungwa mwaka 1911.

Wengi wao hawakuwa watu wa bonde. Walitoka sehemu nyingine za nchi kufuata mshahara, kama watu wafuatavyo kazi ya bandari, ya reli au ya mashamba makubwa. Karibu na machimbo zilijengwa safu za nyumba ndogo, shule, maduka na nyumba za ibada. Watoto walizaliwa juu ya mlima huo mtupu, wakasoma na kucheza kando ya reli.

KICHWA CHA BONDE

Njia huendelea mpaka Blakey, ambapo reli mbili zilikutana. Juu kidogo, kando ya barabara, imesimama nyumba ya zamani ya wageni iitwayo Lion Inn, peke yake kabisa katika upepo, futi 1,300 na kitu juu ya usawa wa bahari. Watembezi wengi hutua hapo kula na kukausha nguo. Baadhi yao wanatoka mbali zaidi: njia ndefu ya kukata Uingereza kutoka bahari ya magharibi hadi ya mashariki, ambayo Alfred Wainwright aliieleza katika kitabu mwaka 1973, hutumia sehemu ya reli hii ya zamani kabla ya kufika hapa.

Wakati wa baridi mahali hapa ni pa kuogopwa. Theluji huletwa na upepo ikajaza kila shimo na kila mkato wa njia. Siku za reli ilitokea zaidi ya mara moja kwamba njia iliziba kwa majuma, injini zikafukiwa, na watu wakatumwa na makoleo kuitafuta reli kama mtu atafutaye shilingi iliyoanguka mchangani. Siku hizo machimbo yalisimama, na kwa mchimbaji siku bila kazi ilikuwa siku bila mshahara.

Kutoka Blakey njia hugeuka na kukizunguka kichwa cha bonde. Reli hii ya upande wa mashariki ilifunguliwa mwaka 1865. Vijito vinavyoshuka vimevukwa kwa matuta makubwa ya udongo na mawe, nalo tuta la Reeking Gill ni refu la kustaajabisha. Wajenzi walilirundika kwa nguvu ya mikono, farasi na mikokoteni. Maji yamelila tuta hilo kidogo kidogo tangu lilipoachwa bila mtunzaji. Akisimama hapo mtembezi huona ng'ambo ya bonde ile rafu aliyoipita asubuhi, mstari mwembamba mlimani, na hufahamu ukubwa wa kazi iliyofanywa.

VUMBI LA THAMANI

Upande wa mashariki ndiko yaliko mabaki makubwa kuliko yote. Kwanza hutokea ukuta wa tanuru za mawe wenye matao marefu. Mbele yake yapo mabaki ya tanuru nyingine, za aina ya baadaye, ambazo zilivikwa chuma. Mtu akisimama chini ya tao moja, kichwa chake hakifikii hata nusu ya kimo chake.

Katika tanuru hizi ilitokea habari ambayo kila mwenye kutunza ghala au daftari angefaidika kuijua. Mawe yalipochomwa mengine yalivunjika yakawa vumbi. Vumbi hilo halikupendwa na wenye kuyeyusha chuma, basi lilitupwa mlimani kama takataka, mwaka baada ya mwaka, mpaka likawa kilima. Baadaye ilipatikana namna ya kulitumia, na ikajulikana kwamba lile vumbi lilikuwa na chuma kingi. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Takataka ya baba zao ikawa mshahara wa mwisho wa bonde.

Ndiyo, mshahara wa mwisho. Mawe mazuri yalikuwa yamekwisha kupungua, na chuma cha nchi za nje kilikuja kwa bei ndogo. Machimbo ya Hollins yalikuwa yamefungwa tangu 1885. Mwezi wa Mei 1926 ulitokea mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Uingereza, na wachimbaji wa makaa walibaki nje ya kazi kwa miezi mingi baada yake. Bila makaa hakuna moto, na bila moto hakuna tanuru. Machimbo ya mashariki yalifungwa mwaka huo, wala hayakufunguliwa tena. Kwa miaka mitatu gari la moshi liliendelea kuja kuchota lile vumbi lililotupwa. Mwaka 1929 hata vumbi lilikwisha kuchukuliwa. Injini ya mwisho ilishushwa kwenye mteremko wa Ingleby, reli ziling'olewa zikauzwa, nazo pia zilikuwa chuma.

Watu waliondoka. Wengine walikwenda Teesside kwenye viwanda, wengine kwingine walikosikia kuna kazi. Safu za nyumba zilibaki tupu, mapaa yaliporomoka, na wakulima walichukua mawe kutengeneza kuta za mashamba. Bonde lililokuwa na watu karibu 3,000 leo lina watu mia chache tu.

KUSHUKA

Kutoka tanuru za mashariki njia hushuka hadi Hill Cottages, safu ya nyumba za wachimbaji ambazo hazikuanguka. Zina watu mpaka leo, na mbele yake maua yamepandwa. Kisha mtembezi hupita katika malisho kando ya mto Seven, akivuka kuta kwa ngazi ndogo za mbao, mpaka anapoliona tena kanisa la kijiji.

Watu wa hifadhi hawakuyaacha mabaki hayo yaanguke yote. Kati ya 2016 na 2021, kwa fedha zilizotoka katika bahati nasibu ya taifa, mafundi walizitengeneza tanuru za Bank Top na za mashariki, si ili zionekane mpya, bali ili zisimame jinsi zilivyo. Wenyeji wengi walijitolea kusaidia: wengine walichimba misingi ya nyumba za wachimbaji, wengine walikusanya picha na habari za babu zao. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa kufaa, kwa sababu hapakuwa tena na mtu aliyepata kufanya kazi katika machimbo hayo, na waliobaki na masimulizi yake walikuwa watoto na wajukuu.

Lile swali la mwanzoni, kwamba mtu huyu amepata nini, laweza sasa kujibiwa. Ameona kwamba chuma cha Rosedale hakimo Rosedale. Kimo katika madaraja na reli na meli zilizojengwa mbali, mahali ambapo jina la bonde halikutajwa. Faida nayo ilikwenda na chuma. Kilichobaki ni vitu ambavyo havikuweza kupakiwa katika behewa: nyumba chache, shule, kanisa, kuta za mashamba, na njia tambarare iliyojengwa kwa ajili ya mawe, ambayo sasa huleta wageni, na wageni hao huwapa wenyeji sehemu ya riziki yao pamoja na kondoo.

Katika Kenya nako kuna mahali ambapo ardhi imepata kufunguliwa kwa ajili ya kilichomo. Dhahabu ya Kakamega ilivuta watu wengi tangu 1931, na mpaka leo wapo wachimbaji wadogo wanaoitafuta kwa mikono katika udongo ule ule. Kila mahali pa namna hiyo pana siku ya mwisho, ingawa hakuna aijuaye tarehe yake. Rosedale ilikuwa na miaka 70 ya kujiandaa kwa siku hiyo. Katika miaka hiyo yote tani zilihesabiwa kila jioni na kuandikwa kwa uangalifu, lakini hakuna aliyewekewa daftari la kuuliza bonde litaishi kwa nini baadaye. Swali hilo ni rahisi kuuliza wakati mabehewa yangali yanajaa, nalo ni zito sana kuuliza wakati kamba imekwisha kuondolewa mlimani.